Kombe wa maji baridi kwenye tangi la nyumbani: wengi wanakufa kwa njaa, si kwa uchafu

Mtu_wa_Chuda (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za saa hizi, salamu kutoka Tanga.

Humu tuna wafugaji wengi wa samaki wa mapambo, na naona sasa watu wameanza kuweka kombe wa maji baridi, yule mnyama wa magamba mawili, kwenye matangi yao. Wauzaji wanamnadi kwa maneno machache tu: weka huyu, atakusafishia maji. Mtu ananunua wawili watatu, anawatumbukiza kwenye tangi linalong'aa. Miezi michache baadaye tangi zima linanuka, samaki wanakufa mmoja baada ya mwingine, na mwenye tangi anaambiwa maji yake yalikuwa machafu. Mimi nakataa. Mara nyingi maji yalikuwa masafi kupita kiasi, na kombe amekufa njaa humo humo.

Kombe hana ulimi wa kukwangua kioo kama konokono. Anajichimbia mchangani kwa mguu wake, anaacha mirija miwili mifupi ikichungulia. Mmoja unavuta maji, mwingine unayatoa. Ndani, maji yanapita kwenye matamvua yenye vinyweleo na ute, chembe zinanaswa na kusukumwa taratibu hadi mdomoni. Chembe asizozitaka anazifunga kwa ute na kuzitoa nje bila kuzimeza. Chakula chake ni vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho, bakteria, na uozo uliosagika laini kabisa.

Kombe mkubwa wa mtoni anaweza kupitisha makumi ya lita za maji kwa siku. Sasa chukua tangi la sebuleni la lita 60. Ndani kuna chujio la umeme linalonyonya chembe usiku na mchana, halafu kuna kombe anayezitegemea chembe hizo hizo. Ni watu wawili kwenye sahani moja, na mmoja wao hashibi wala hachoki.

Kinachowadanganya watu ni kwamba kombe hafi upesi. Anaweza kukaa miezi akila akiba ya mwili wake mwenyewe. Gamba halisinyai, kwa hiyo ukimtazama ni yule yule wa siku uliyomnunua. Hata mizani haikusaidii sana, maana nyama inapopungua maji yanajaa mahali pake ndani ya gamba. Mtu anakwambia "wangu ana miezi mitatu, hana shida", kumbe mnyama yuko nusu ya safari.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kombe ni mnyama wa kulishwa, si kifaa cha usafi. Na tena anatoa amonia, taka yenye sumu, kama mnyama mwingine yeyote. Anaweza kupunguza ukungu kwenye maji, lakini nitreti, yaani kile kinachobaki bakteria wakishageuza amonia, haondoi.

Karibuni tujadili, nitaeleza namna ya kulisha kwa maji ya kijani, yaani maji yaliyojaa vijimea, au kwa unga.

BintiMakorora

Asante kaka kwa uzi. Mimi nina watatu, nilinunua Dar pamoja na samaki wa dhahabu. Wawili wamejifukia siwaoni. Mmoja toka juzi yuko juu ya mchanga, gamba limeachama kidogo. Nitajuaje kama amekufa? Naogopa kumtoa bure kama anapumua tu.

Mtu_wa_Chuda

Dada, mguse sasa hivi kwa kijiti cha kuni au mpini wa kijiko. Kombe mzima anafunga. Anaweza kuchelewa kidogo akiwa dhaifu, lakini anafunga. Asipofunga kabisa, mtoe kwenye tangi umnuse. Harufu ya kombe aliyekufa huhitaji kufundishwa.

Sababu yenyewe ni hii. Penye bawaba ya magamba mawili kuna kano inayonyumbuka, na kazi yake ni kuyasukuma yafunguke. Anayeyafunga ni kombe mwenyewe kwa misuli yake. Akifa, misuli inalegea, kano inabaki na nguvu zake, gamba linaachama. Ndiyo maana aliyefungwa kwa nguvu yuko hai, na aliyeachama bila kujibu amekwisha.

Usisubiri mpaka kesho kuhakikisha. Kombe mmoja aliyeoza kwenye tangi dogo anatosha kupandisha amonia mpaka samaki waanze kupumulia juu ya maji. Akiwa amekufa, toa robo mpaka theluthi ya maji leo, na kesho tena.

Wale wawili uliosema huwaoni, hilo nalo ni tatizo la kutengeneza. Usiweke mchanga mzito tangi zima. Chukua bakuli pana la plastiki, lijaze mchanga laini wa kina cha sentimita 6 hadi 8, liweke kwenye kona, kombe wako wakae humo. Wakitoka watatoka kidogo tu, na siku yoyote ukitaka kuwakagua unajua pa kupapasa. Kokoto zenye ncha hapana, hawezi kuchimba na anaumia mguu.

BintiMakorora

Nimemgusa hajafunga. Nimemtoa, kweli ananuka. Nabadilisha maji sasa hivi.

Kijana_wa_Sahare

Wakuu kwani kuna haja ya kununua Dar? Maji yakitoka hapa Sahare kombe wamejaa kwenye matope, kina mama wanaokota ndoo nzima. Siwezi kuwazoesha maji ya bomba kidogo kidogo?

MzeeTongoni

Mwanangu, hao ni wa maji chumvi, usijaribu. Nimekaa na bahari hii tangu utoto wangu. Kombe wa pwani akipata mvua nyingi anafunga gamba anasubiri maji ya bahari yarudi. Ukimweka kwenye maji ya bomba atafunga vilevile, atasubiri, na bahari hairudi. Akishindwa na kufungua, maji baridi yanamwingia mwilini, kwa kuwa mwilini mwake mna chumvi nyingi kuliko nje. Anavimba, anakufa. Wa baharini waache baharini, au uwapike kwa nazi.

Kijana_wa_Sahare

Shikamoo mzee. Nimekuelewa.

MzeeTongoni

Marahaba mwanangu.

Ruvu_Kaskazini

Mimi niko Bagamoyo. Nafikiria kuwachukua mtoni Ruvu, magamba yao nimeyaona pembeni mwa maji mara nyingi. Je, hawa wetu wa mtoni wanafaa?

Mtu_wa_Chuda

Mkuu, kuna mambo mawili tofauti hapo, usalama wako na maisha ya kombe.

La kwanza mamba. Unajua Ruvu kuliko mimi, sihitaji kuongeza. La pili kichocho. Kombe haambukizi kichocho. Wanaobeba vimelea ni konokono wadogo wa maji baridi wanaokaa kwenye majani ya pembeni, hasa maji yanapotulia. Lakini ukiingia kumtafuta kombe umeshasimama kwenye maji hayo hayo. Ukirudi na majani au ndoo ya maji ya mto, umewaleta konokono nyumbani, na watoto wanachezea ndoo. Kama ni lazima uende, vaa buti ndefu na glavu, usibebe jani hata moja, maji ya mto yamwage huko huko.

Kuhusu kombe mwenyewe, wakubwa wale wa mtoni nakushauri uwaache. Wengi wao watoto wao hawawezi kukua wenyewe. Wakitoka kwa mama lazima kwanza wajishike kwenye matamvua au mapezi ya samaki, wakae hapo kama kupe kwa muda, ndipo waanguke na kuanza maisha ya mchangani. Kwenye tangi mzunguko huo karibu hauwezekani, kwa hiyo kila unayemtoa mtoni hana mrithi. Na hawa huishi miaka mingi. Kule Ulaya kuna jamii ya kombe wa lulu wa mtoni ambao hupita miaka 100.

Wenye nafuu ni wale wadogo wa jamii ya Corbicula, wa manjano au kahawia, wenye mistari iliyoinuka kama matuta kwenye gamba. Jamii hii ipo Afrika kwa asili, mpaka Ziwa Victoria. Wale wa Asia wanaouzwa na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wana jinsia mbili kwa mmoja, wanalea mayai ndani ya matamvua yao na kutoa vitoto vilivyo kamili, vya ukubwa wa punje ya vumbi, bila kuhitaji samaki. Hao wakishiba wanaweza hata kuzaa tangini.

FundiTangi

Mtoa mada, samahani nakupinga kidogo. Mimi nina kombe wawili mwaka wa pili huu. Sijawahi kuwapa maji ya kijani wala unga wowote. Wanachimba, wanahama, gamba linaongezeka. Hiyo njaa mbona kwangu haipo?

Mtu_wa_Chuda

Mkuu karibu, hoja yako ni ya msingi. Naomba unijibu: tangi lako ni la ukubwa gani, lina samaki wangapi, linapata jua, na chujio ni la aina gani?

FundiTangi

Lita 200 na zaidi kidogo, liko barazani. Jua la asubuhi linaingia. Perege wadogo na kambare mmoja. Chujio ni la sponji tu na pampu ya hewa. Kioo cha nyuma sikisafishi.

Mtu_wa_Chuda

Sasa umejijibu. Wewe unalisha kila siku. Jua la asubuhi linakuotesha vijimea, perege wanatoa mbolea, kambare anatibua chini, na sponji haina nguvu ya kumaliza kila kitu. Kombe wako wawili wana lita 100 kila mmoja. Ukimchukua mmoja wao ukamweka kwenye tangi la lita 40 la sebuleni lenye chujio kubwa na taa inayowaka saa sita tu kwa siku, mambo yatabadilika.

Na nirekebishe maneno yangu ya mwanzo kutokana na hoja yako: si lazima kila mtu atengeneze chakula pembeni. Tangi kubwa, la zamani, lenye jua na samaki wa kutosha, linaweza kujilisha. Ila uangalie huyo kambare akikua, atawala.

FundiTangi

Hapo tumeelewana. Kambare nitamhamisha.

BintiMakorora

Kaka tuelekeze hayo maji ya kijani. Mimi wangu ni lita 60 na liko ndani.

Mtu_wa_Chuda

Haya, hapa ndipo penye kazi.

Tafuta madumu ya plastiki yanayopitisha mwanga, au zile chupa kubwa za maji ya kunywa. Moja halitoshi, angalau matatu, ili moja likiharibika usikose. Siku ya kubadilisha maji ya tangi usiyamwage. Yana nitreti, na nitreti ni mbolea. Yachuje kwa kitambaa, jaza madumu. Tia kikombe kimoja cha mbegu, yaani maji ya kijani kutoka bwawa la perege, yachujwe kwa kitambaa kizito. Wafugaji wa samaki wa Muheza na Pongwe ukiwaomba kikombe hawakunyimi. Weka madumu mahali penye mwanga mwingi lakini jua la saa saba lisiyachemshe. Ukiwa na mrija wa hewa uingize, kama huna yatikise asubuhi na jioni.

Funika mdomo kwa chandarua. Hili nalisema kwa msisitizo. Dumu la maji wazi Tanga ni kiwanda cha mbu, na mbu wa dengue anapenda maji yaliyotulia karibu na nyumba.

Hali ya hewa yetu inasaidia. Baada ya wiki moja hivi maji yanakuwa kijani cha majani mabichi. Yakigeuka kahawia na kunuka, mwaga. Kila unapotoa nusu dumu kulisha, jazia maji mengine ya tangi.

Kulisha kwenyewe: zima chujio, lakini pampu ya hewa iache ifanye kazi. Mimina mpaka maji ya tangi yapate rangi kidogo, kama chai ya majani iliyopoa ikichanganywa na maji mengi. Acha saa moja au mbili. Washa chujio. Kesho yake maji yakiwa meupe kabisa, wamekula, ongeza kidogo. Yakibaki na ukungu siku mbili tatu, punguza. Hakuna kipimo cha kukupa kwa kijiko, tangi lako ndilo litakalokwambia.

Wasiopata jua kabisa watumie unga wa spirulina (vijimea vya majini vilivyokaushwa) unaouzwa kwenye maduka ya virutubisho. Unaukoroga, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili, kwenye kikombe cha maji mpaka usione punje, unavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unautoa polepole juu ya mrija unaovuta maji. Usimpulizie kwa nguvu, atafunga. Chakula cha samaki cha vipande hakimsaidii mpaka kioze na kusagika, na kikioza kimeshakuharibia maji.

Dalili ya kushiba ni moja ninayoiamini: ukingo wa gamba. Kombe anayekua ana mstari mwembamba mpya pembeni, rangi yake imekolea na inang'aa kuliko sehemu ya zamani. Usipouona kwa miezi, ongeza chakula.

Ruvu_Kaskazini

Nondo hizi mkuu. Vipi kuhusu maji yenyewe? Wangu aliyetangulia gamba lilianza kuchubuka karibu na bawaba, likawa jeupe kama chokaa.

Mtu_wa_Chuda

Hiyo ni dalili ya maji laini au yenye asidi. Gamba ni kalsiamu kaboneti. Maji yakikosa kalsiamu au yakiwa na asidi, gamba linaliwa, na huanzia pale kwenye sehemu kongwe kabisa. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, iwe 7 mpaka 8.

Kwa sisi wa Tanga mjini, maji ya bomba yanatoka mto Sigi kupitia bwawa la Mabayani, na Sigi unaanzia Usambara Mashariki, kwenye miamba ya kale isiyo na chokaa nyingi. Ukienda upande wa Amboni, kwenye mapango, pale chini ni mawe ya chokaa matupu, na maji ya kisima hupata ugumu, yaani chokaa, kwa kuwa yanapita kwenye mawe hayo. Visima vya karibu na bahari vionje kwanza, vingine vina chumvi.

Kama huna vifaa vya kupimia, tazama birika lako la chai. Likishika ukoko mweupe ndani, maji yako yana chokaa ya kutosha. Lisiposhika kabisa, weka kipande cha ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni. Uloweke kwenye maji baridi siku kadhaa ukibadilisha maji, kutoa chumvi, kisha uweke kwenye chujio. Unayeyuka taratibu.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Na tangi jipya usimwekee kombe. Lisubiri wiki nne mpaka sita bakteria wa kugeuza amonia wajijenge. Kombe wa maji baridi ni miongoni mwa viumbe wanaodhurika upesi zaidi na amonia. Mwaka 2013 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilibana viwango vya amonia kwenye mito na maziwa yao, na kombe na konokono wa maji baridi walikuwa sababu kubwa.

Kitu kingine cha kuogopa ni shaba. Baadhi ya dawa za ukungu na vimelea vya samaki zina shaba, na kiasi kinachomponya samaki kinamuua kombe. Samaki akiumwa, mtenge kwenye ndoo umtibu huko.

MamaKange

Nimesoma mpaka hapa nimeona kazi ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nina wanne, siwezi. Mtoto wangu anasema tuwarudishe mtoni Mkulumuzi. Ni sawa?

Mtu_wa_Chuda

Mama shikamoo. Hapana, tafadhali msifanye hivyo, hasa kama mliwanunua.

Corbicula wa Asia alionekana Amerika Kaskazini mwaka 1924, na mwaka 1938 akapatikana akiwa hai mto Columbia. Leo amesambaa karibu nchi nzima ya Marekani, anaziba mabomba ya maji ya kupozea mitambo ya umeme. Kumbuka ana jinsia mbili, mmoja tu anaweza kuanzisha ukoo. Na mwaka 2021 huko huko Marekani walikuta kombe milia wamejificha ndani ya mabonge ya mwani yanayouzwa madukani kwa ajili ya matangi, ikabidi yaondolewe kwenye maduka. Biashara hii yetu inaweza kusafirisha vitu bila sisi kujua.

Sisi kwenye mto Pangani tuna mitambo ya umeme Hale na Pangani Falls. Mito yetu ina kombe wake wenyewe, haihitaji wageni. Hata maji ya tangi lenye hao wadogo yamwage kwenye udongo mkavu au bustanini, si kwenye mtaro unaoelekea mtoni, kwa sababu vitoto havionekani.

Kama umeshindwa kuwatunza, wape mtu mwenye tangi kubwa. FundiTangi hapo juu ana nafasi akikubali.

MamaKange

Marahaba mwanangu, asante kwa kunielimisha. FundiTangi, utawachukua?

FundiTangi

Nawachukua wawili mama, wanne watakuwa wengi kwa tangi langu. Hao wengine tumtafutie mtu.

Kijana_wa_Sahare

Wale wawili nachukua mimi. Tangi langu ni lita 120, lina mwaka, liko dirishani. Ila swali: umeme ukikatika usiku kucha inakuwaje?

Mtu_wa_Chuda

Hapo ndipo wengi wanapoteza, hasa Februari na Machi. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30, ambazo kwetu ni kawaida, yanashika kama 7.6 tu. Na Corbicula havumilii maji yenye oksijeni kidogo. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri, uiweke karibu. Usiku wa umeme kukatika usiwalishe maji ya kijani, vijimea navyo gizani vinatumia oksijeni. Ukikosa pampu, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu kila baada ya muda.

Na usiwahamishe wa Mama Kange kesho. Anza madumu ya maji ya kijani kwanza. Yakishakaa kijani kwa wiki mbili bila kuharibika, ndipo ukawachukue.

Kijana_wa_Sahare

Sawa mkuu. Mama Kange, naomba uniwekee, nikiwa tayari nitaandika hapa hapa.

BintiMakorora

Maji nimebadilisha mara mbili, samaki wametulia. Nimewapapasa wale wawili, wote wamefunga kwa nguvu. Madumu matatu nimeshayapanga ukutani na chandarua juu. Kuna aliyeko Pongwe anisaidie kikombe cha mbegu?